Mwalimu wa hesabu aliyepewa kipindi cha muziki

Sikuomba mimi. Ratiba ilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya walimu, nikasogea kama kawaida kutafuta vipindi vyangu vya hesabu, nikavikuta vyote vipo, alafu pale chini kabisa, Ijumaa kipindi cha mwisho, nikaona jina langu tena mbele ya neno MUZIKI, darasa la tatu. Nikajua wamekosea. Nikaenda kwa hedmasta, akaniambia hamna makosa hapo, mwalimu aliyekuwa anakifundisha kahama na wewe ndo una nafasi. Nikamwambia mkuu, mimi siimbi. Akasema kwani nani kasema utaimba wewe, wataimba watoto.

Na kweli siimbi, sio kujishusha. Nikiwa na miaka tisa kwaya ya shule ilikuwa inajiandaa kuimba mbele ya wazazi, mwalimu akawa anapita mstari kwa mstari anategesha sikio kwa kila mtoto, akafika kwangu, akasimama, akasikiliza kidogo, afu akaniambia kwa upole kabisa (yaani hata hakuwa mkali, ndo maana liliniingia vizuri) "wewe chezesha mdomo tu". Nikachezesha mdomo. Nimeuchezesha miaka thelathini na kitu, popote watu wanapoimba mimi midomo inakwenda sauti haitoki, na hamna aliyewahi kugundua.

Sasa mtu wa hivyo ndo kapewa watoto arobaini na mbili na dakika arobaini.

Ijumaa ya kwanza nilichagua wimbo ambao nilijua wote wanaujua. Nikaanzisha kwa sauti yangu hii ya kiume, nzito, na ya uoga. Watoto wakanifuata huko huko chini nilikowapeleka, wakatoa mngurumo mmoja kama jenereta inayokaribia kuzimika. Nikajisemea basi, darasa hili halina sauti. Ijumaa ya pili vilevile. Nikaanza kuwaza kuwageuzia kipindi kiwe cha mazoezi ya hesabu kimyakimya, maana nani angejua.

Kilichoniokoa ni binti mmoja mdogo wa umbo. Mapumziko napita uwanjani namsikia anaanzisha wimbo uleule, ila kaupandisha juu huko, juu kiasi kwamba mimi hata kwa ngazi nisingefika, na wenzake wamedaka wote, safi, hamna anayenguruma. Watoto walewale wasio na sauti. Nilisimama pale na chaki mkononi nikajiona mjinga.

Baadae nikaja kusoma na kuuliza watu wanaojua, kumbe ndo kosa la kwanza la karibu kila mtu mzima anayeimbisha watoto. Nyuzi za sauti za mtoto wa miaka minane ni fupi na nyembamba, na wimbo unaokaa sawa kwenye koo la mwanaume mzima kwake ni shimo. Akilazimishwa aimbe chini huko anaacha kuimba anaanza kuongea kwa kuvuta, au anapiga kelele. Alafu sisi tunamwandikia kwamba hana kipaji. Kwa hiyo tangu siku ile mimi sianzishi, namwambia yule binti au mwingine aanzishe, na mimi nadaka nikiweza. Wahenga walishasema kuimba kupokezana, na mimi nilikuwa naichukulia kama methali ya kuandikia insha tu, kumbe ni maelekezo ya kazi.

(Na lile swali la mimi mwenyewe kuwa sijui kuimba, ntarudi kwake.)

Nikaanza kusoma mambo ya muziki usiku kama mtu anayejiandaa na mtihani. Kitu cha kwanza kilichonipa moyo ni kugundua kwamba hii do re mi fa so la ti tunayoichukulia kama imeshuka na mvua, imetengenezwa na walimu waliokuwa wamekwama na darasa. Karibu mwaka 1030 kuna mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, alikuwa amechoshwa na vijana wa kwaya wanaokariri nyimbo moja moja kwa kumsikiliza mwalimu miaka nenda rudi. Akachukua wimbo mmoja wa kanisa ambao kila mstari unaanzia sauti moja juu ya mstari uliotangulia, akachomoa silabi za mwanzo, ut (ndo baadae ikaitwa do), re, mi, fa, sol, la, ndo ikawa ngazi. Akajisifu kwamba kilichokuwa kinachukua miaka kumi sasa kinachukua mwaka mmoja au miwili. Karne nane mbele kule Norwich, Uingereza, mwalimu mmoja mwanamke aitwaye Sarah Glover akairahisisha kwa ajili ya watoto wake wa shule, afu akaja mchungaji John Curwen, mwaka 1841, kapewa na wenzake kazi ya kutafuta njia rahisi ya kufundisha uimbaji, na huyu bwana hakuwa mwanamuziki! Alikuwa anajifunza mwenyewe kwa shida. Akauchukua mfumo wa Glover, akaurekebisha, akaongezea baadae zile ishara za mikono, ngumi kwa do, na kadhalika. Mfumo ukazunguka dunia nzima kwenye mabegi ya wamisionari, ndo maana mpaka leo ukikuta kwaya mahali hawana piano wala karatasi za noti bado unawasikia wanaimba "so so la so" kwanza kabla ya maneno.

Nilipoona Curwen naye alikuwa anahangaika nikapumua.

Afu kuna Zoltán Kodály wa Hungaria. Huyu alikuwa mtunzi mkubwa tu, angeweza kukaa na maokestra yake, lakini kwenye miaka ya 1920 alisikia jinsi watoto wa shule walivyokuwa wanaimba ovyo akaona hapana, nusu ya maisha yake akaipeleka kwa watoto. Msimamo wake: mtoto aanze na nyimbo za kwao, za lugha yake ya mama, aanze na sauti yake mwenyewe kabla ya chombo chochote, na iwe kila siku. Mwaka 1950 ikafunguliwa shule ya msingi ya aina hiyo kwenye mji aliozaliwa, Kecskemét, watoto wanaimba kila siku kama wanavyosoma. Mimi nilikuwa na dakika arobaini za Ijumaa. Nikaiba tano tano za asubuhi kabla ya hesabu. Hamna aliyelalamika, hasa watoto.

Sasa tuje kwenye ugomvi, maana hii makala naiandika kwa sababu ya ugomvi.

Mwaka wa pili hedmasta aliniita. Mitihani iko karibu, wazazi wanauliza, anataka kile kipindi cha Ijumaa kiwe hesabu ya ziada. Aliniuliza moja kwa moja, muziki unawaongezea nini hawa watoto? Nikamwambia nipe wiki moja. Nikaenda nyumbani nimejaa nguvu, nikajua ntaingia intaneti ntarudi na ushahidi kwamba muziki unapandisha maksi za hesabu, yeye anataka hesabu na mimi ni mtu wa hesabu, mechi imeisha.

Weee. Nilichokikuta sicho.

Kwanza ile stori maarufu kwamba muziki wa Mozart, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, unamfanya mtoto awe na akili. Ilitoka mwaka 1993, na waliopimwa hawakuwa watoto hata kidogo, walikuwa wanafunzi 36 wa chuo, walisikiliza dakika kumi za Mozart, wakafanya vizuri kidogo kwenye maswali ya kufikiria maumbo, na faida yenyewe ikayeyuka baada ya kama robo saa. Robo saa! Lakini stori ikakimbia mbio kiasi kwamba mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia kule Marekani akaomba dola 105,000 ili kila mtoto mchanga apewe muziki wa kurekodiwa apelekwe nao nyumbani. Na hapo ni kusikiliza tu, hamna aliyeimba wala kupiga chombo.

Nikaenda mbele. Kuna utafiti mzuri wa Toronto wa mwaka 2004, wa Glenn Schellenberg, watoto 144 wa miaka sita, wakagawanywa kwa bahati nasibu makundi manne, wengine kibodi, wengine kuimba, wengine maigizo, wengine hawakupewa kitu. Baada ya mwaka waliosoma muziki walikuwa wamepanda pointi 7 za IQ, yaani kipimo cha akili, na wale wengine 4.3. Nikafurahi, nikaandika kwenye daftari, afu nikakaa nikaitazama vizuri ile tofauti. Ni chini ya pointi tatu. Na mwaka 2020 wakaja watafiti wawili, Sala na Gobet, wakajumlisha tafiti 54, karibu watoto elfu saba, wakakuta kwamba ukilinganisha watoto wa muziki na watoto waliopewa shughuli nyingine ya maana, badala ya kuwalinganisha na waliokaa tu, ile faida ya akili na maksi inakaribia sifuri.

Nimefundisha takwimu ndogondogo za darasani, siwezi kujidanganya na namba. Nilikaa na daftari langu saa sita usiku nikaona silaha yote imeisha risasi.

Na hata bila tafiti nilikuwa naona kwa macho. Darasa langu lilikuwa linaimba jedwali la kuzidisha, vizuri kabisa, na mapigo ya makofi. Afu nauliza, saba mara nane? Mtoto anafumba macho, midomo inacheza, unamwona anaanza saba mara moja, anapanda ngazi yote mpaka afike. Anaujua wimbo, jibu lenyewe halijui. Wimbo umeshika maneno kwa mpangilio na mpangilio haukubali kukatwa katikati. Kama unatumia nyimbo kukaririsha, jua hilo, baada ya wiki chache lazima uvunje wimbo, uanzie katikati, uurudishe kinyumenyume, la sivyo mtoto atabaki anasafiri toka mwanzo kila siku.

Basi nikarudi kwa hedmasta wiki ilipoisha nikamwambia ukweli: mkuu, hesabu hazipandi kwa sababu ya kuimba. Akashangaa, nadhani alitegemea nije na mahubiri. Nikamwambia lakini njoo Ijumaa ukae nyuma.

Nitawaambia nilichotaka akione.

Kusoma kwanza. Kwenye kusoma hadithi ni tofauti kidogo na hesabu, maana kusoma kunaanzia sikioni. Mtoto lazima asikie kwamba neno lina vipande. Sisi darasani tunapiga makofi majina ya vitu ndani ya mapigo ya wimbo. Mtoto, makofi matatu, m-to-to. Mbuzi, makofi mawili, mbu-zi. Siku moja kijana mmoja ananyoosha mkono, mwalimu, mbona kwenye mtoto ile m inapata kofi lake na kwenye mbuzi hapati? Nikabaki nimeduwaa. Hilo ni swali la chuo, na limetoka kwa mtoto wa darasa la tatu ambaye daftari lake la imla lilikuwa limejaa wino mwekundu, na alilipata kwa viganja vyake. Au mkazo. Mara moja waliimba neno barabara kwenye mstari ambao mahadhi yake yaliangukia silabi ya pili, bará-bara, darasa zima likaangua kicheko kwa sababu njia ya magari iligeuka ghafla ikawa "sawasawa". Hamna aliyewahi kuwafundisha kanuni ya mkazo. Waliisikia imevunjika wakacheka.

Na hapa kuna utafiti ninaoupenda kwa sababu unakuambia subiri. Mtafiti aitwaye Nina Kraus na wenzake, mwaka 2014, walifuatilia watoto wa mitaa ya kipato cha chini Los Angeles, Marekani, waliokuwa kwenye programu ya muziki, wakawapima jinsi ubongo unavyotofautisha sauti za matamshi zinazofanana. Mwaka wa kwanza, hamna kitu. Baada ya miaka miwili ndo mabadiliko yakaonekana. Fikiria shule ngapi zinaanzisha kwaya mwezi wa pili na mwezi wa kumi na moja zinaifuta kwa sababu "haina matokeo".

Afu kuna yule mvulana wa dirishani. Ana kigugumizi, kikali, jina lake mwenyewe linamchukua muda, na watoto ni watoto, unajua. Kwenye kuimba hana kigugumizi. Kabisa. Ni jambo linalojulikana na wataalamu, watu wengi wenye kigugumizi wakiimba maneno yanatiririka, kwa sababu kwenye wimbo sauti zinavutwa, mapigo yanakuambia lini uingie, maneno tayari unayajua, na hauko peke yako. Wimbo ukiisha kigugumizi kinarudi palepale, sitaki kumdanganya mzazi yeyote kwamba ni dawa, kama mtoto wako anacho mpeleke kwa wataalamu wa matamshi. Lakini kuna dakika tatu kila Ijumaa ambazo yule mtoto yuko sawa na wenzake mdomoni, na wenzake wamezisikia. Siku aliyoimba ubeti peke yake hamna aliyecheka, na Jumatatu aliponyoosha mkono kujibu swali la hesabu, akakwama, darasa lilimsubiri. Nimefundisha miaka mingi, sikuwahi kuona darasa linasubiri.

Kuhusu hilo la kuwa pamoja, watafiti wa Leipzig, Ujerumani, Kirschner na Tomasello, walichapisha mwaka 2010 jaribio ambalo mimi nalihadithia kila ninapopata mtu wa kunisikiliza. Watoto wa miaka minne, wawili wawili. Wengine wanacheza mchezo wa kuamsha vyura kwa kuimba na kugonga pamoja kwa mapigo, wengine mchezo uleule wa vyura, ila bila muziki. Baadae kila mtoto anapewa mrija wenye gololi abebe, na mrija wa mmoja umetegwa, kitako kinafunguka gololi zinamwagika. Nani anaacha za kwake aje kusaidia? Waliotoka kuimba pamoja walisaidia zaidi. Dakika chache tu za kugonga kwa pamoja!

Na kuna watafiti wa Gothenburg, Sweden, mwaka 2013, walipima mioyo ya vijana wanaimba kwaya, mapigo ya moyo yakawa yanapanda na kushuka pamoja, na sababu si uchawi, ni pumzi. Ukivuta hewa moyo unakimbia kidogo, ukiitoa taratibu unapoa, na wimbo unawafanya wote mvute na mtoe kwa wakati mmoja. Ndo maana kipindi cha mwisho Ijumaa, watoto wamechoka wamechachamaa, nyimbo mbili zenye sentensi ndefu zinafanya kazi ambayo fimbo haijawahi kuifanya.

Vyombo tunavyo vichache, nyingi ni ndoo zilizogeuzwa na vijiti, na chupa zenye maji kwa viwango tofauti. Mtunzi Mjerumani Carl Orff alishaliona hili zamani, marimba yake ya mbao ya watoto yanatolewa baadhi ya vipande ili zibaki noti tano ambazo ukigonga yoyote na yoyote hazigombani. Nimeiga kwenye chupa. Lakini somo kubwa la ndoo ni kunyamaza. Mtoto yeyote anaweza kupiga ndoo, muulize kama anaweza kusubiri mapigo saba apige la nane. Kuna mmoja, mtundu aliyekuwa anapelekwa ofisini kila wiki, nikampa kazi ya kupiga pigo moja tu, la mwisho kabisa wa wimbo. Wiki ya kwanza aliwahi. Ya pili akawahi. Ya tatu akawahi wenzake wakamtazama vibaya. Ya nne alishika kijiti kwa mikono miwili, jasho linamtoka, midomo inahesabu, akapiga mahali pake, afu akakaa chini kimya kama mtu aliyetua mzigo. Bado ni mtundu.

Hedmasta alikuja Ijumaa ile akakaa nyuma. Hakusema kitu. Kipindi hakijaguswa mpaka leo, ila nimeombwa nihakikishe hatupigi ndoo wakati wa mitihani ya darasa la saba, jambo ambalo ni la haki.

Na kuhusu sauti yangu. Watu ambao kweli ubongo wao hausikii tofauti za noti wapo, lakini ni wachache mno, asilimia chache tu, na mimi nimejipima sio mmoja wao. Tatizo langu ni koo ambalo halikupewa mazoezi toka miaka tisa. Kumbe kulenga noti ni kama kulenga goli, unakosa, unasikia umekosa kwa wapi, unarekebisha, na mtoto anayeambiwa chezesha mdomo ananyang'anywa mpira hapohapo. Sikumchukia yule mwalimu, alikuwa na tamasha la Jumamosi. Ila kwenye darasa langu hamna anayechezesha mdomo. Anayekosa noti namsogeza katikati ya wawili wanaoipata, basi, masikio yake yanafanya kazi iliyobaki, wengine wiki tatu, wengine mwaka mzima.

Ijumaa iliyopita nilichelewa, nilikuwa nasahihisha. Nafika mlangoni nakuta wameshaanza bila mimi, yule mvulana wa dirishani ndo kaanzisha, wako ubeti wa pili. Nikaingia taratibu nikadakia kiitikio, kwa sauti. Mstari wa mbele mtoto mmoja akanigeukia bila kuacha kuimba, akanyanyua kiganja juu, ile ishara yetu ya kwamba mtu kashuka. Nikapanda.